Barua ya wazi kwa mnaotaka viti Saint Paul: mtabonyeza kitufe gani?

Waheshimiwa watarajiwa,

Hii ni yenu nyote mnaotaka kuingia bunge la jimbo la Minnesota, mnaoomba kura Brooklyn Park, Brooklyn Center na huku kote kaskazini ya Minneapolis, wa DFL (ndio Wademokrat wa hapa) na Warepublican, hata na wewe ambaye tayari uko kwenye kiti na unataka turudishe. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota mwaka wa 14 sasa, uraia nilishachukua, kura napiga, na usiku nafanya kazi nasingi homu, nyumba ya kutunza wazee, kama CNA, yaani msaidizi wa manesi. Naandika Kiswahili kwa makusudi. Mkitaka kura zetu huwa hamkosi mtu wa kuwatafsiria salamu, basi huyo huyo awasomee na hii.

Jumamosi moja, saa nane mchana, mlango wangu uligongwa. Kwa mtu wa shifti ya usiku saa nane mchana ndio usingizi umekolea, kwa hivyo nilishuka na leso kiunoni na macho mekundu, nikachungulia dirishani kwanza. Hapa kwetu siku hizi hakuna anayefungua mlango ovyo, na nyinyi mnajua kwa nini. Juni 14, 2025, usiku, mtu aliyevaa kama polisi alienda kwa mbunge wetu wa jimbo Melissa Hortman hapa hapa Brooklyn Park akamuua yeye na mume wake Mark, na kabla ya hapo alikuwa ameshampiga risasi seneta John Hoffman na mke wake kule Champlin, hao Mungu akawanusuru. Kwa hivyo yeyote kati yenu ambaye baada ya hayo bado anatoka kugonga milango ya watu, mimi namvulia kofia, na hiyo naisema kabla sijaanza kulalamika.

Nikafungua. Kijana msafi, tisheti ya kampeni, tabasamu, akanisalimia "Jambo!" kama mtu aliyeshuka kwa basi la watalii, nikamwitikia tu. Akanipa flaya. Nikaisoma mbele na nyuma hapo hapo mlangoni, inasema anaamini familia, anaamini shule bora, anaamini mtaa salama, anaamini maisha yasiwe ghali. Sasa mniambie, nani hapa anagombea akitaka shule mbaya na mtaa wa wezi? Nikamuuliza swali moja tu, nasingi homu za Minnesota zinafaa kuwa na wafanyakazi wangapi usiku? Akasema ni swali zuri sana. Halafu akasema watu wanaotunza wazee ni mashujaa. Hilo neno tulipewa 2020 wakati wa Korona, lilikuja pamoja na pizza, pizza ikaisha na neno likabaki.

Sijamchukia huyo kijana, na simtaji, maana hata sio yeye peke yake, flaya tatu nilizopata baada ya yake ukizibadilisha picha hutajua nani ni nani. Ndio maana nimeandika. Nyumbani Kenya mgombea akija analeta unga na leso, hapa mnaleta kalamu na peremende, na kote kote ukiuliza msimamo unaambiwa swali zuri.

Tuambizane ukweli kuhusu hiyo kazi mnayoomba, kwa sababu hata watu wetu wengi wanaichanganya. Bunge la jimbo sio Congress. Nyinyi hamtatuamulia mambo ya visa, hamtapigana vita na nchi yoyote, na ukija kwa mlango wangu kunipigia kelele za Washington nitajua hukusoma silabasi. Kazi yenu iko Saint Paul, viti 134 vya chini na 67 vya seneti, na Novemba hii vyote viko sokoni. Mbele ya kila mbunge pale kuna vitufe, anabonyeza, na kwenye ubao ukutani jina lake linawaka kijani ama nyekundu. Kwenye bunge la chini mswada unataka kijani 68 upite. Uchaguzi wa 2024 ulituachia 67 kwa 67, hakuna aliyeshinda, mpaka mwaka 2025 wakaanza kwa kususia kikao na kukimbilia kortini kabla ya kukubaliana kugawana kamati. Na kule Shakopee mtu alipata kiti kwa kura 14. Chama chetu cha akina mama pekee kina watu 22, na hao ukihesabu waume wanaosikiza.

Kwa hivyo msiniambie mnaamini nini, niambieni mtabonyeza rangi gani.

Nianze na kwangu, kazini. Sheria ya Minnesota inataka nasingi homu iwe na angalau masaa mawili ya uuguzi kwa kila mkaazi kwa siku nzima ya masaa 24. Mawili. Ndani ya hayo kuna nesi anayegawa dawa, kuna mimi, kuna anayekuja asubuhi na anayekuja jioni, wote tumejumlishwa. Serikali ya Biden 2024 ilitoa kanuni ya masaa 3.48, jaji mmoja wa Texas akaitupa 2025 kabla haijaanza kuuma, na Congress nayo ikaisukuma mbali. Sasa mpira uko kwa majimbo, yaani uko kwenu.

Nawaeleza hayo masaa yanavyokuwa. Kuna mama mmoja kwenye korido yangu, ana miaka tisini na kitu, hawezi kujigeuza. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili la sivyo ngozi ya nyonga inaanza kuwa nyekundu, halafu inakuwa kama malengelenge, halafu inafunguka, na ikishafunguka hiyo ni kidonda cha miezi. Kumgeuza vizuri inataka watu wawili. Usiku tuko wawili kwa korido yote, na mwenzangu ako chumba cha mwisho anabadilisha mtu ambaye amechafua shuka mpaka chini. Taa za kuita zinawaka tatu kwa wakati mmoja. Saa ya kumgeuza imefika saa nane, nafika kwake saa tisa kasorobo, na yeye hajalala, ananiambia pole. Yeye ndiye ananiambia mimi pole. Asubuhi nikijaza chati kuna kiboksi cha saa nane na kuna kiboksi cha saa kumi, lakini kiboksi cha saa tisa kasorobo hakuna.

Bosi ukimuuliza anasema hana pesa ya kuajiri, na msidhani ni uongo wote. Minnesota mwenye nyumba ya wazee haruhusiwi kumtoza anayejilipia mwenyewe zaidi ya kile anacholipwa kwa wale wa Medical Assistance, yaani Medicaid ya hapa, bima ya serikali ya wasio na uwezo, ni sheria ya hapa, na mimi naiona ni sheria nzuri kwa sababu mzee wa maskini na mzee wa tajiri wanalala kitanda cha bei moja. Lakini maana yake ni kwamba bei yote inatoka kwa bunge. Nyinyi mkikaza mkono, mimi ndio nakuwa mmoja badala ya wawili. 2023 mliunda ile bodi ya viwango vya kazi za nasingi homu, na tangu hapo kila kikao kuna mtu anajaribu kuiminya na mwingine anaitetea. Wewe uko wapi? Na ukisema unaitetea, pesa unatoa wapi? Usiniambie "tutaangalia". Mwenye kidonda cha nyonga haangalii.

Sasa wizi. Najua mnaogopa kuuongelea mbele yetu, mnaogopa kuitwa wabaguzi, na wengine wenu mnaupenda sana, mnauongelea mpaka mate yanaruka kwa sababu unawapa nafasi ya kusema "hao wageni". Wote tulieni. Shirika la Feeding Our Future lilikula kama dola milioni 250 za chakula cha watoto, na aliyekuwa kichwa cha hilo shirika, Aimee Bock, akapatikana na hatia Machi 2025, na huyo sio mgeni wa popote. Waliokula wengine walikuwa wahamiaji, ndio, siwezi kukataa. Halafu kuna ule mpango wa kusaidia watu wenye ulemavu wapate nyumba, ulianza 2020 ukikadiriwa kutumia dola milioni 2.6 kwa mwaka, 2024 pekee ukalipa zaidi ya milioni 100, mpaka 2025 ukafungwa kabisa. Mtu anayesoma hizo namba na hakasiriki, huyo halipi kodi.

Lakini angalieni kilichofuata. Oktoba 2025 serikali ikachagua huduma 14 za Medicaid ikasema madai yote yachunguzwe na kampuni ya nje kwanza, na malipo yanaweza kukaa mpaka siku 90. Watu wetu wengi wako hapo, wana gruphomu ya vitanda vinne, wanapeleka watu dialisisi, wanakaa na kijana mwenye otizim ili mama yake aende kazi. Wezi walishanunua manyumba na magari, wao siku 90 haziwaumizi. Anayeumia ni yule dada mwenye wafanyakazi sita ambao wanataka mshahara kila wiki mbili, na nimemuona mmoja akiweka gari lake rehani ili alipe watu. Mimi nataka kusikia mtu kati yenu akisema waziwazi: mwizi tutamkamata hivi, na mwaminifu tutamlipa kabla ya siku fulani. Kwa nini huwa hakuna mtu anataka kulipa mkaguzi mmoja aende pale mlangoni aone kama kuna wagonjwa kweli? Ule mpango wa nyumba ungegongewa mlango 2022 saa hii tusingekuwa tunaongea hivi.

Laisensi za manesi. Hii iko karibu na roho za Wakenya kwa sababu kila nyumba yetu ina nesi, ama mtu anasomea unesi, ama mtu anaolewa na nesi. Kuna mkataba wa majimbo, ukiwa na laisensi ya jimbo moja unafanya kazi kwa mengine yote yaliyojiunga. Wisconsin iko ndani, Iowa iko ndani, Dakota zote mbili ziko ndani. Minnesota tumekaa katikati kama kisiwa. Rafiki yangu RN, nesi kamili, anakaa Woodbury, Hudson ya Wisconsin anaiona kwa dakika kumi na tano za gari, lakini akitaka shifti huko lazima aombe laisensi ingine na kulipia ingine. Najua chama cha manesi kinapinga, wanasema hospitali zitatumia huo mkataba kuleta manesi wa nje siku ya mgomo, na hiyo hofu sio upuzi, mimi mwenyewe nilikuwa nje na bango mgomo wa 2022 nikiunga mkono wenzangu. Lakini mswada unaletwa, unalala, unaletwa, unalala. Kijani ama nyekundu? Mimi nikiwa kwenye kile kiti ningebonyeza kijani halafu niweke kifungu cha kulinda wagomaji, lakini mimi sigombei.

Likizo ya malipo nawapongeza, naomba muandike kwamba kuna mahali nimewapongeza. Tangu Januari 1, 2026 tunakatwa sehemu yetu ya ile asilimia 0.88, mwajiri analipa angalau nusu, na mtu akizaa ama akiuguza mzazi anapumzika na bado anakula. Kuzika, lakini, hakuko. Ukifiwa unabaki na ile sheria ya siku za ugonjwa, saa moja kwa kila masaa 30 unayofanya kazi, na kiwango ambacho mwajiri analazimishwa ni mpaka masaa 48 kwa mwaka. Mwaka jana mwenzangu alifiwa na baba yake Kisii. Hesabu naye: kutoka Minneapolis mpaka Amsterdam, Amsterdam mpaka Nairobi, kulala Nairobi, halafu barabara mpaka nyumbani, hizo ni siku mbili na nusu umeshakula na hujaona jeneza. Kurudi hivyo hivyo. Masaa 48 kwa mtu wa shifti za masaa 12 ni siku nne. Alizika Jumamosi, Jumapili wazee wakakaa kugawana majukumu ya mji na yeye kifungua mimba ako njiani anarudi Nairobi na viatu vya matope. Kwa sheria za Minnesota alikuwa ametendewa haki kabisa. Kwa za Kisii, waulizeni.

Chakula cha shule sina mengi. Tangu 2023 mtoto anakula asubuhi na mchana bila mtu kumuuliza mzazi ana nini mfukoni, na kuna wenzenu wanataka kurudisha fomu za mapato ati bajeti imezidi. Acheni. Nishajaza hizo fomu, najua mtoto anavyojua nani kajazwa fomu. Laisensi ya kuendesha gari bila kuulizwa makaratasi, hiyo pia ya 2023, watu walipigana miaka ishirini kuipata na barabara haijaanguka, msiiguse.

Bangi na mambo ya kutoa mimba siwaulizi, si kwa sababu hayana maana, ni kwa sababu nyumba yangu yenyewe haijakubaliana, mume wangu ana yake na mimi nina yangu na mchungaji ana ya tatu, na nyinyi wote mnapenda kutusukuma hapo ndio tusahau kuuliza habari ya masaa mawili.

Halafu kuna hili la mtu wetu. 2024 tulimchagua Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, akaingia bunge la Minnesota, na usiku ule watu walipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nami nilipiga. Lakini nasema wazi, hii barua inamhusu na yeye sawa na mwingine. Tukianza kupiga kura kwa sababu ya jina la ukoo, tutakuwa tumehamisha Kenya nzima na kuileta kwenye baridi.

Na kwa kuwa nimetaja nyumbani, wale wa kwetu mnaosoma, mjue mbunge wa hapa analipwa dola 51,750 kwa mwaka. Piga hesabu kwa shilingi, mbunge wa Nairobi anamshinda, yule anavuka laki saba kila mwezi. Kwa hivyo hawa angalau hawakuja kwa ajili ya pesa, hapo nawapa maksi zao.

Nirudi kwa Hortman, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha hii habari ya vitufe. Juni 9, 2025, siku tano kabla auawe, kulikuwa na mswada wa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kutoka MinnesotaCare. Ni bima ambayo chama chake mwenyewe kilipitisha 2023, yeye akiwa spika, na walikuwa wameanza kuitumia Januari hiyo tu. Warepublican walisema bila hiyo hakuna bajeti, na bila bajeti serikali ya jimbo ifungwe. Mswada ukapita 68 kwa 65. Ukitazama ubao, kwa upande wa DFL kijani ilikuwa moja peke yake, ya Hortman. Aliahidi makubaliano na akayatimiza, kisha akaongea na waandishi machozi yakimtoka.

Mimi kura ile iliniuma. Namjua mtu anayeosha vyombo hotelini, alikuwa amepata daktari wa sukari kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mwisho wa mwaka akapoteza. Nilikasirika siku tatu nzima, nikasema nitamwandikia barua, nikaianza kabisa, kalamu na karatasi, kisha Jumamosi asubuhi nikitoka shifti simu ikaanza kulia. Ile karatasi bado iko kwenye droo. Nilikuwa nimemuandikia kwamba sikubaliani naye. Ningeweza kumuandikia hivyo kwa sababu nilijua alikosimama, jina lake liliwaka na hakujificha nyuma ya mtu. Nyinyi wengine hata wa kukasirikia sijui nianzie wapi.

Basi, uchaguzi wa mchujo ni Agosti 11 na ule mkubwa ni Novemba 3. Kwenye basement ya kanisa letu tunakutana Jumapili baada ya ibada, chai ipo, mandazi yapo, wa chama chochote anakaribishwa, na akina mama watanikunjia sura wakisikia nimewakaribisha bila kuwauliza. Njoo na majibu ya haya: masaa ya uuguzi, siku za kulipa, mkataba wa manesi, siku za kuzika. Usije na peremende. Kama hujui jibu sema hujui, nenda uliza, rudi Jumapili inayofuata, hatutakucheka, sana sana tutakuongeza chai.

Na mnaosoma huku mkiwa kwenye breki ya saa tisa usiku, mkumbuke sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi ruhusa ya kwenda kupiga kura muda wa kazi bila kukatwa mshahara. Kama hujajiandikisha unajiandikishia hapo hapo kituoni, na kama huna karatasi ya kuonyesha unakaa wapi jirani aliyejiandikisha kwenye kituo hicho anaweza kukuapia, mtu mmoja anaruhusiwa kuwaapia mpaka wanane. Mimi nafasi zangu nne kati ya hizo nane tayari zimechukuliwa. Na supavaiza nimeshamwambia, Novemba 3 nikitoka shifti napitia kituoni, asiniombe ovataimu.

Wenu,
CNA wa usiku, Brooklyn Park